Bibi yako ni nani? Jibu kwa kijana wa Nakuru aliyechekwa Tanga

*"Nimezaliwa na kulelewa Nakuru, Kenya, na sasa nafanya kazi Dar es Salaam. Nimemchumbia msichana wa Tanga. Sote ni Waislamu. Mwezi uliopita nilikwenda kwao Ngamiani kujitambulisha, nikasema mbele ya wazee: 'Nimefurahi kufika nyumbani kwa kina bibi yangu.' Sebule nzima ikaangua kicheko. Nyanya yake, yaani mama mzaa mama, akanijibu: 'Bibi yako ni mimi hapa. Huyo mwenzangu ni nani?' Nilitamani ardhi ipasuke. Sasa mshenga wangu anataka tuandae barua ya posa, na baadaye kadi za harusi, nami naogopa kuandika neno lolote. Je, Kiswahili chetu cha Kenya ni kibovu? Bi na Bibi ni kitu kimoja? Rafiki yangu ameapa kwamba Bi ni kifupi cha bikira, kwa hiyo mwanamke aliyeolewa haitwi Bi. Mama mkwe nimwite Bi Mkubwa, au ni utovu wa adabu? Na shangazi yake, ambaye ni mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu, nimwandikeje kwenye kadi?"*

Ndugu yangu, hukumtukana mtu. Tena nikikusoma vizuri naona umepata zaidi ya ulichopoteza. Yule bibi angekuwa amechukia angenyamaza, angejifunga kanga yake vizuri na kuomba udhuru akaswali. Yeye amekutania, na utani wa namna ile haupewi mgeni. Sehemu nyingi za Tanzania bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", na wa kike humwita "mke mwenzangu". Kwa hiyo alipouliza "huyo mwenzangu ni nani" alikuwa amekwisha kukuingiza kwenye hesabu ya wajukuu, barua ya posa haijaandikwa.

Naelewa lakini kwamba kicheko si ndicho kinachokukosesha usingizi. Sebuleni ukikosea watu wanacheka, mnakunywa chai, yanaisha. Kwenye karatasi kosa linakaa, linapigwa chapa nakala 300 na kugawanywa hadi Pangani. Kwa hiyo tulichukue neno lenyewe taratibu, maana ukishajua limejengwaje hutahitaji kukariri orodha ya ruhusa na makatazo.

Bibi si neno la Kibantu. Limekuja na bahari, kama bandari, serikali na cherehani, ambayo nayo asili yake ni Kiajemi. Katika Kiajemi bibi ni mwanamke wa heshima, mwenye nyumba, na pia nyanya. Pakistan na kaskazini mwa India nako neno lipo: hutumika kumtaja mwanamke kwa heshima, na ndugu yake wa karibu, biwi, ni mke. Unaona basi kwamba huu "mkanganyiko" wako haukuanzia Nakuru wala Tanga. Neno lilifika pwani yetu likiwa tayari na nyanya mkono mmoja na mke mkono wa pili.

Wala si ajabu. Jaribu kuiona nyumba moja ya zamani yenye mwanamke mmoja mkuu, yule anayeshika funguo za ghala. Mume akimtaja, huyo ni bibi, yaani mke. Wajukuu wakimkimbilia, ni bibi. Mtumishi akiulizwa nani kamtuma, hujibu "bibi". Mgeni akibisha hodi husema "nimekuja kumwona Bibi Fulani". Mtu ni yule yule. Aliyebadilika ni anayesema. Kiini cha neno ni mwanamke mwenye mamlaka ya nyumba, na hizo maana nne ni mahali pa kusimama tu. Mwenzake bwana ana tabia hiyo hiyo: ni mume, ni mwenye mali, ni neno la kutanguliza jina, na kanisani ni Mungu mwenyewe. Hakuna anayelalamika kwamba bwana anachanganya.

Naongeza jambo ambalo watu hupenda kuliruka. Unguja na Pemba za karne ya 19, za mashamba ya karafuu, bwana na bibi hazikuwa adabu tupu. Ndivyo watumwa walivyowaita waliowamiliki. Kusini mwa mji wa Zanzibar, pale Bungi, kuna magofu ambayo mpaka leo huitwa Magofu ya Bi Khole, kwa jina la binti wa Sultan Said aliyekuwa na jumba lake huko. Hakuitwa Bi kwa sababu alikuwa na wajukuu. Aliitwa Bi kwa sababu alikuwa na jumba, shamba na watu. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar, na neno lililokuwa la wachache likaendelea kuenea, mpaka leo muuza vitumbua na waziri wote ni Bi. Mimi nalipenda neno hili zaidi kwa safari hiyo. Limeteremka kutoka ghorofani likaja kukaa barazani na sisi.

Kabla neno hili halijatamba, pwani ilikuwa na lake: Mwana. Wanafunzi wengi wakisikia Mwana Kupona hudhani ni mtoto wa Kupona. Sivyo. Mwana pale ni cheo cha heshima cha mwanamke, kama Bibi. Mwana Kupona binti Msham, wa huko Pate na Siyu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kumuusia binti yake, alikuwa mtu mzima, mjane mwenye cheo chake. Mombasa nayo humtaja Mwana Mkisi kuwa malkia wake wa kale. Cheo hicho hakikufa, kiligandamana na majina tu: Mwanaisha, Mwanahawa, Mwanajuma, Mwanakhamisi. Ukimwita mtu "Bi Mwanaisha" umempa heshima mbili bila kujua, na hakuna atakayekurudishia moja.

Turudi kwenye kosa lako, maana kuna kanuni ndani yake. Angalia neno bibi limekaa wapi katika sentensi.

Likitangulia jina la mtu, ni cheo: Bibi Titi, Bibi Khadija. Hapo umri hauingii kabisa. Bibi Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926; alipoanza kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam wajiunge na TANU, mwaka 1955, hajatimiza miaka 30. Ukimfikiria ajuza mwenye mkongojo umepotea njia. Likitangulia kazi, ni cheo vilevile: Bibi Shamba wa ugani, Bibi Afya, Bibi Maendeleo. Nimewahi kuona Bibi Shamba aliyemaliza chuo majuzi, ana pikipiki na miwani ya jua, na wazee wa kijiji wanamwita Bibi pasipo kutabasamu.

Likifuatwa na kimilikishi, yaani bibi yangu, bibi yako, bibi yake, limeacha kuwa cheo na kuwa uhusiano. Na hapo ndipo mpaka wa Namanga unapoanza kufanya kazi. Tanzania, bibi yangu ni mama wa baba au wa mama. Kenya, hasa bara, bibi yangu ni mke wangu. Lubumbashi, huko Kongo, nako ni mke. Wewe ulisema "bibi yangu" ukiwa Tanga. Neno likafika masikioni mwao likiwa limevaa nguo nyingine.

Likisimama peke yake kama mwito, "Bibi, samahani", Tanzania linabeba umri. Ajuza atalipokea vizuri. Mama wa miaka 45 sokoni atakugeukia akuulize unamwona ana meno mangapi. Kwa huyo sema mama, au dada ukiona ni wa rika lako, au Bi na jina lake ukilijua. Na kuna mdogo wao mmoja mtundu, bibie. Usimguse. Bibie husemwa kwa mzaha, kwa kejeli, au na kijana anayetongoza kituo cha daladala. Ukimwambia mama mkwe "bibie" nitashindwa kukutetea.

Kwa hiyo Kiswahili cha Kenya ni kibovu? Hapana, na aliyekuambia hivyo asikusumbue. Maana ya mke imo kwenye neno tangu lilipotoka, na pwani hii hii wazee bado humuuliza mtu kwa staha, "Bibi yako hajambo?", wakimaanisha mkewe, kwa kuona neno mke limekaa wazi mno. Ninavyoona mimi, tofauti imetokana na viti. Kwenu Nakuru nyanya tayari alikuwa na kiti chake: Wakikuyu wana cucu, Wakalenjin wana kogo, na Kiswahili cha shuleni kikaleta nyanya. Bibi akakuta kiti cha nyanya kimekaliwa, akakaa kwenye cha mke. Tanzania kiti cha mke kilikuwa na mke mwenyewe, na bibi akaenda kukaa kando ya babu. Nyanya kwa maana ya mama mzaa mzazi yumo kwenye kamusi na ni Kiswahili safi, ila ukisema Dar es Salaam "nimemletea nyanya yangu zawadi", baadhi ya watu watafikiria kachumbari kwanza.

Hata mzee amepata mkasa kama huo. Mwanamke wa Kenya akisema "mzee wangu yuko safarini" mara nyingi ni mumewe. Kijana wa Dar akisema "mzee wangu" ni baba yake. Jiandae, maana mama yako akija kwenye harusi na kumtaja baba yako kwa jina hilo, kina mama wa Ngamiani watamhesabia miaka.

Na nikuambie kitu kwa upole. Hata kwa Kiswahili cha Nakuru ulikuwa umewahi. Posa haijapelekwa, mahari haijatajwa, nikaha haijafungwa, nawe tayari "bibi yangu" mbele ya wazee. Nadhani sehemu ya kile kicheko ilitoka hapo. Mpaka siku ya ndoa huyo ni mchumba wako, na ukizungumza na wakubwa wake sema "binti yenu". Ndoa ikifungwa, mke wangu. Maneno hayo matatu yanaeleweka vilevile kutoka Kisumu hadi Kilwa.

Sasa Bi. Rafiki yako ana bidii lakini kapotoka. Bikira ni neno la Kiarabu lenye ukoo wake, na limefanana na Bi kwa silabi moja tu, kama vile kuku alivyofanana na kukumbuka. Bi ni Bibi iliyofupishwa na ulimi. Kama anataka ushahidi asiotoka nao, muulize Bi Khadija ni nani. Mke wa kwanza wa Mtume, ambaye mapokeo yanasema alikuwa mjane kabla ya ndoa hiyo, na Waislamu wanaosema Kiswahili humwita Bi Khadija au Bibi Khadija bila kubagua. Hilo peke yake linatosha kumaliza mjadala kijiweni.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo, nalo limevaa suti. Maofisini wapo wanaoamini Bi ni wa asiyeolewa na Bibi ni wa aliyeolewa. Huo ni mgawanyo wa Kiingereza uliotafutiwa maneno ya Kiswahili kwa nguvu. Kiswahili hakikuwahi kumuuliza mwanamke habari za ndoa kabla ya kumtaja kwa heshima, kama ambavyo bwana haulizwi. Magazeti ya Kenya kwa mfano huandika Bw kwa kila mwanamume na Bi kwa kila mwanamke, yakaendelea na habari. Fuata hilo. Tofauti halisi ya Bi na Bibi ni ya uzito. Bi ni jepesi, la kila siku. Bibi, likifuatwa na jina, lina urasmi kidogo, la hotuba na kadi. Ndiyo maana mshereheshaji husema "mabibi na mabwana", hasemi "mabi".

Nukta je? Wengine huandika Bi. kama wanavyoandika Bw., wengine Bi bila nukta. Zote zipo. Mimi huona Bw. inahitaji nukta kwa sababu hakuna anayeitamka hivyo, ukiiona unasoma "bwana". Bi hutamkwa kama ilivyoandikwa, ni neno kamili mdomoni. Chagua mojawapo, usibadili katikati ya kadi. Ila pale kwa bibi harusi usiweke nukta hata kwa bahati mbaya. Niliwahi kuletewa kadi ya kusahihisha ambayo mpiga chapa aliandika "Bi. Harusi atawasili saa 2 usiku". Kuna wanawake wanaoitwa Harusi kwa jina lao kamili. Ukisoma kadi ile ilikuwa kama kuna mgeni maalumu, Bi. Harusi, anayesubiriwa, na bibi harusi mwenyewe hajatajwa. Andika bibi harusi au biharusi, basi.

Jambo la majina lina uzito zaidi kuliko nukta, nakuomba ulishike. Kwa desturi ya pwani Bi hufuatwa na jina la mwanamke mwenyewe. Bi Khole, Bibi Titi, Bi Kidude. Kwenu magazetini utaona Bi ikifuatwa na jina la mwisho, Bi Karua, na kwa Kenya ni sawa. Tanga ukiandika Bi kisha jina la baba mkwe wako, kwa vijana litapita, lakini wanawake wakubwa wa nyumba ile wanaweza kuliona geni. Mwanamke wa pwani hakuhamia jina la mume. Alibaki binti wa baba yake hadi kaburini: Mwana Kupona binti Msham, Siti binti Saad, Fatuma binti Baraka ambaye dunia ilimjua kama Bi Kidude hadi alipofariki mwaka 2013. Na kumbuka Siti pale mwanzo lilikuwa neno la Kiarabu la kumtaja bibi wa heshima. Mwimbaji huyo Siti, aliyezaliwa Fumba akaitwa Mtumwa, akaishia kuitwa "bibi" kuwa ndilo jina lake. Kwa hiyo kwenye barua yako mtaje mama mkwe kwa jina lake na la baba yake. Muulize mchumba wako jina la babu yake mzaa mama. Usilikisie.

Umeuliza habari ya Bi Mkubwa. Hapa siwezi kukupa jibu moja, kwa sababu neno lenyewe lina sura tatu na zote ziko hai. Visiwani na pwani ni mama, au mwanamke mkubwa wa nyumba, na hutamkwa kwa mapenzi. Vijana wa Dar es Salaam husema "bi mkubwa wangu" wakimaanisha mama aliyewazaa, kwa lugha ya mtaani isiyo na ubaya. Lakini nyumba ya mume mwenye wake zaidi ya mmoja, bi mkubwa ni mke wa kwanza, na bi mdogo ni aliyekuja baada yake. Sasa wewe hujui historia ya nyumba ile. Pengine kuna bi mdogo mtaa wa pili ambaye hatajwi. Pengine mama mkwe wako ndiye aliyekuja wa pili. Neno la heshima likaingia kwenye kidonda ambacho hukukiona. Kama kuna aliyekuambia ni utovu wa adabu, huenda alikuwa analijua hilo, au alikuwa anatisha tu.

Anza na "Mama" bila kuongeza kitu. Mama mkwe ni neno la kumtaja ukiwa kwa wengine, si la kumwitia. Hakuna anayesema "Mama mkwe, shikamoo". Unasema "Shikamoo, mama." Ukishazoeleka utasikia wenyewe wanamwitaje: huenda Mama na jina la mtoto wa kwanza, huenda Bi na jina lake, huenda Bi Mkubwa kweli. Yeye mwenyewe akikwambia "mimi hapa wananiita Bi Mkubwa" umepewa ruhusa. Dada zake mama mkwe ni mama mkubwa na mama mdogo, kwa kumpima na yeye si na umri wako. Shangazi ni dada wa baba tu. Wakenya wengi mmezoea kuwaweka wote kikapu kimoja cha anti, na hapo napo utachekwa, ila kidogo.

Na huyo shangazi mhadhiri. Mwandike Dkt. na jina lake, au Prof. kama amefikia huko. Usimwandike Bi. Cheo alichokisomea hutangulia kile anachopewa kila mwanamke, na wala haviwekwi pamoja: "Bi. Dkt." ni sawa na kumvika mtu kofia mbili. Nilishuhudia hafla moja, sitaitaja, ambapo orodha ya meza kuu ilikuwa na Dkt., Prof. na Mhandisi upande wa wanaume, na wanawake wote wakawa Bi. Mmoja wao alikuwa profesa. Hakusema neno. Alitoa kalamu kwenye mkoba, akafuta, akaandika, akairudisha ile karatasi kwa mwenyeji kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha bakuli la jirani. Mwenyeji hakula vizuri usiku ule. Kwenye mazungumzo, shangazi ni shangazi. Udaktari wake ni wa kwenye kadi. Akifika sebuleni mwamkie.

Barua ya posa sasa. Hii ni rahisi kuliko unavyodhani kwa sababu ina mwendo wake na washenga wanaujua. Huanza kwa heshima na taadhima, hutaja mnaotoka, kisha ombi. Anayeombwa huitwa binti: "tunakuja kumposa binti yenu", kisha jina lake kamili na la baba yake. Usiandike bibi mahali popote kwenye barua hii isipokuwa kama cheo mbele ya jina la mama. Usiandike msichana, linaonekana la kumwita mtu dukani. Ukitaka kumtaja bibi yako mpya, yule wa utani, usimweke kwenye barua. Wazee wa kike husalimiwa kwa mdomo, na mshenga wako akisahau mkumbushe mlangoni.

Kadi utakazozihangaikia ni za upande wenu, maana kila familia hutoa zake. Itakwenda hivi, na ndivyo tunavyoziona kila wiki: "Bwana na Bibi Fulani wa Nakuru, Kenya, wanayo furaha kukualika/kuwaalika Bw./Bi./Dkt./Prof. ………… kwenye harusi ya kijana wao mpendwa." Angalia hapo juu, Bwana na Bibi. Jamaa zako wa Nakuru watasoma "mume na mke". Watu wa Tanga watasoma cheo cha heshima cha wazazi wako. Hakuna atakayesoma nyanya. Kama mama yako angependa jina lake lionekane, andika "Bwana" na jina la baba kamili, kisha "na Bibi" na lake kamili. Mimi hupendekeza hivyo siku zote, ingawa mpiga chapa atakuambia mstari hautoshi. Mwambie apunguze maua.

Kuna mahali ambapo vyeo vyote hivi havina kazi, nako ni kwenye fomu za ndoa. Kule jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho, bila Bi, Bw. wala Dkt., na herufi kwa herufi. Kwa kuwa wewe ni raia wa Kenya kutakuwa na karatasi za ziada, na hizo siyo za mtu wa lugha kukueleza. Nenda mapema kwa sheikh atakayefungisha, na uulize ofisi ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, au ya mkuu wa wilaya.

Kwa haya mengine pia kuna ninachoweza na nisichoweza nikiwa mbali. Neno limeishije ndani ya nyumba ile, nani hapendi kuitwa nini, nani aligombana na nani mwaka gani, hilo halimo kwenye kamusi yoyote. Tafuta mwanamke mmoja mzima wa upande wa mchumba wako, somo yake au mama mdogo anayependa kuzungumza, ukae naye nusu saa. Mpelekee rasimu ya barua aisome kwa sauti. Akisita mahali, hata kama hakosoi, badilisha hapo. Ukiona mshenga wako na huyo mama hawakubaliani juu ya neno, fuata la mama. Barua itafunguliwa kwao, si kwa mshenga.

Na ukirudi Ngamiani, shikamoo ya bibi iwe ya kwanza, kabla hujaketi. Ninavyomsoma, atakuuliza tena, watu wakiwa wamejaa: "Haya, bibi yako ni nani?" Usijitetee wala usieleze habari za Kenya. Mwambie, "Ni wewe bibi, huyu mwingine nimemleta akusaidie kupika." Na usiende mikono mitupu. Mume haendi kwa mkewe bila kilo mbili za sukari.